Muhuri usiobanduka

Wiki jana, mkahawani Kilimani, kijana anayeandika programu za malipo alinigeuzia laputopu yake. Alikuwa ametia muhuri kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kwa mseal, wito wa Linux wa kufunga ruhusa za kumbukumbu, kisha akaomba kiruhusiwe kuandikwa. Jibu: EPERM, yaani huruhusiwi. Akajaribu akiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. EPERM tena. “Mkubwa, hii mashine ni ya nani hasa?”

Swali halali. Tangu Linux 6.10 ya Julai 2024, eneo likishatiwa muhuri kerneli, kiini cha mfumo, haibadilishi ruhusa zake wala kuliondoa mpaka programu izimwe. (OpenBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, ilitangulia na wito wake wa aina hiyo, mimmutable.) Tena muhuri hukamata kurasa nzima, vile vipande ambavyo kumbukumbu hugawanywa. Kwenye mashine nyingi ukurasa ni baiti 4,096, na kielekezi (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) unachotaka kukilinda ni baiti 8. Zile 4,088 zilizobaki zinafungiwa pamoja nacho, zihusike zisihusike. Ukikosea ukafunga eneo la data za muda kwenye seva inayokaa miezi bila kuzimwa, eneo hilo huwezi kuliondoa mpaka izimwe.

Ila jiweke kwa mdukuzi. Akishapata mwanya ndani ya programu, mara nyingi hana haja ya kuvunja chochote. Anaita mprotect, wito wa kubadilisha ruhusa za kumbukumbu, uleule ambao programu huutumia kihalali, na ukurasa uliokuwa wa kusomwa tu unaandikika. Kerneli inakubali kwa sababu ombi limetoka ndani ya nyumba. Haina namna ya kumjua mwizi aliyevaa koti la mwenye nyumba. Ukiweka wito wa kubandua muhuri, naye atauita. Ukimwachia root, programu ngapi za seva zinaendeshwa kwa root kwa uvivu tu? Jeff Xu wa Google, aliyeuandika mseal, alikuwa na Chrome akilini: kivinjari hupokea msimbo wa watu usiowajua mchana kutwa.

Muhuri wenyewe hauzuii kuandika. Ukiutia kwenye ukurasa unaoandikika, utaendelea kuandikika. Kwanza jaza data, kisha ondoa ruhusa ya kuandika, ndipo ufunge. Na hata hapo, /proc/self/mem (faili ya kufikia kumbukumbu ya programu yenyewe) na ptrace (wito wa kuchunguza programu nyingine) zinaweza kupenya.

Kijana akahamishia jedwali lake la vielekezi kwenye kurasa zake peke yake, akapiga hesabu: kurasa 3, baiti 12,288. Picha ya mandhari kwenye skrini yake inakula zaidi ya hapo. Lakini hilo la /proc/self/mem nililomwambia bado hajanisamehe.