Stroma ya saratani ya kongosho: tusikimbilie kubomoa

Jijini Dar es Salaam matangazo ya dawa za "kuyeyusha uvimbe" yamejaa, Kariakoo na kwenye simu zetu. Yote yanajengwa juu ya imani kwamba uvimbe ukipungua, mgonjwa anapona. Imani ya aina hiyo iliwahi kuwavuta hata watafiti wakubwa, nayo saratani ya kongosho ikawapa jibu chungu.

Sehemu kubwa ya uvimbe wa kongosho si seli za saratani. Stroma, yaani fibroblasti (seli zinazojenga tishu), kolajeni (nyuzi ngumu za protini) na tishu nyingine zinazozishikilia seli hizo, huweza kufikia asilimia 80 hadi 90 ya uvimbe. Wanaotaka ivunjwe wana hoja nzito: inabana mishipa ya damu hadi dawa zisipenye, na baadhi ya fibroblasti hulisha saratani na kudhoofisha kinga. Mwaka 2009 watafiti Kenneth Olive, David Tuveson na wenzao waliwapa panya dawa ya IPI-926 inayopunguza stroma. Gemsitabini, dawa ya kuua seli za saratani, ikapenya vizuri zaidi, panya wakaishi zaidi.

Kwa binadamu mambo yakageuka. Mapema mwaka 2012 jaribio la dawa hiyohiyo lilisimamishwa, kwa sababu waliopewa IPI-926 pamoja na gemsitabini walikuwa wanakufa mapema kuliko waliopewa gemsitabini bila hiyo. Miaka miwili baadaye makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba panya waliopunguziwa fibroblasti walipata saratani kali zaidi, wakafa haraka. Mwaka 2021 hata kuondoa kolajeni ya fibroblasti hizo kuliharakisha ugonjwa. Ukuta uliozuia dawa kuingia ulikuwa pia unazuia saratani kutoka.

Ila matokeo yanayonisumbua kuliko yote ni ya jaribio la HALO-301, lililopima PEGPH20, dawa ya kuyeyusha asidi ya hyaluroni, dutu ya ute iliyomo ndani ya stroma. Asilimia 47 ya waliopewa dawa hiyo juu ya tiba ya kawaida walipungukiwa uvimbe, dhidi ya asilimia 36 ya waliopata tiba ya kawaida peke yake. Ukiishia hapo, utashangilia. Lakini muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 11.2 kwa waliopewa dawa na miezi 11.5 kwa wasiopewa. Picha za skana zilipendeza, na kwa jumla wagonjwa hawakuongezewa hata wiki. Familia iliyouza kiwanja ili ndugu yao atibiwe haikununua picha. Ilitaka muda naye.

Sisemi stroma iachwe. Tangu 2017 tunajua fibroblasti zake haziko sawa: zilizo karibu na saratani hujikaza na kukaza tishu, zilizo mbali kidogo hutoa kemikali kama IL-6, zinazochochea uvimbe-joto (kuvimba na kupata joto kama kwenye jeraha, si uvimbe wa saratani). Kuzituliza kunaonekana kuwa na busara kuliko kuzifyeka. Losartan, dawa ya presha inayopatikana katika maduka yetu ya dawa, ilijaribiwa Boston pamoja na tiba ya kemikali na mionzi kwa wagonjwa 49. 30 kati yao walifanyiwa upasuaji ulioondoa saratani bila mabaki kwenye kingo. Inatia moyo, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha, na si ruhusa ya mtu kujinunulia vidonge.

Kwa hiyo mgonjwa wa hospitali za Ocean Road au Muhimbili akiletewa habari ya dawa mpya ya kulainisha uvimbe, swali la kwanza kwa daktari liwe hili: waliopewa waliishi muda mrefu kiasi gani kuliko wasiopewa?