Gari la umeme lililotumika: kushuka kwa bei kunamnufaisha nani Uganda?

Ukitaja gari la umeme mbele ya wanunuzi wa magari Kampala, jibu la kwanza huwa kwamba ukilinunua umezika fedha zako, kwa sababu siku ya kuliuza hutampata wa kulitaka. Wanaolitetea nao hujibu kwamba gari hilo limekwisha kushuka bei likiwa Japani au Uingereza, hivyo mnunuzi wa hapa analipata kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali na anaokoa petroli kila siku. Pande zote mbili zinasema kweli, na hiyo ndiyo sababu mjadala hauishi. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni hesabu inayoweka pamoja thamani inayopotea na kilomita ambazo gari linaweza kwenda kabla ya kuipoteza yote.

Kwanza tujue bei hushuka kwa nini. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya iSeeCars ilipima magari ya huko yenye umri wa miaka mitano na kukuta kwamba ya umeme yalikuwa yamepoteza wastani wa asilimia 49.1 ya thamani yake, ilhali wastani wa magari yote ulikuwa asilimia 38.8. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikutokana na ubovu. Hadi Septemba 2025 serikali ya Marekani ilikuwa ikimpunguzia kodi mnunuzi wa gari jipya la umeme kwa kiasi cha hadi dola 7,500, na mtu anayenunua lililotumika hawezi kukubali kulipa kana kwamba nafuu hiyo haikuwapo. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei za magari yake mapya, na kwa siku moja kila aliyekuwa na Tesla ya zamani akawa na mali yenye thamani ndogo kuliko ya jana yake. Mwaka mmoja baadaye, Hertz, kampuni ya kukodisha magari, ilitangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000 na kuandika hasara ya dola milioni 245 kwa sababu ya kushuka huko. Juu ya hayo yote, bei ya betri yenyewe, kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa (uniti moja ya umeme) mwaka 2010, na ilipofika 2024 ilikuwa dola 115. Jipya likizidi kuwa rahisi, la zamani halina budi kulifuata.

Kwa hiyo anayesema kwamba mwenye gari wa kwanza amekwisha kubeba mzigo mkubwa zaidi hakosei. Hata hivyo, nafuu hiyo haifiki Kampala ikiwa nzima. Nauli ya meli kutoka Yokohama hadi Mombasa haipungui kwa sababu gari limeshuka thamani, wala gharama ya kulileta kwa barabara hadi Malaba au Busia. Ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani ambayo Mamlaka ya Mapato imeikubali, na nauli imo ndani yake. Gari lililouzwa kwa bei ya chini kabisa kwenye mnada wa Japani linaweza kufika bondi, yaani yadi ya magari yanayosubiri kulipiwa kodi, likiwa na bei ambayo sehemu yake kubwa ni safari na kodi. Isitoshe, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa nchini, na magari ya umeme ya Nissan Leaf ya kwanza kabisa, yale yaliyotoka mwishoni mwa 2010, yamekwisha kufika hapo.

Ninaitaja Leaf kwa sababu ndiyo mnunuzi wa hapa atakayoipata kwa urahisi zaidi: ina usukani wa kulia, ni nyingi kwenye minada ya Japani, na bei yake imeshuka sana. Ndiyo pia inayoonyesha vizuri zaidi mahali ambapo thamani ya gari la umeme inakaa. Toleo la kwanza lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, baadaye ikaja ya 30, na toleo la pili lililotoka 2017 likaja na 40. Betri hizo zote hupozwa na hewa tu, bila mfumo wa maji kama ule wa magari mengi ya umeme yaliyofuata. Kampuni ya Geotab ya Kanada, ambayo hukusanya takwimu za magari yakiwa barabarani, ilikuta kwamba Leaf ya mwaka 2015 ilikuwa ikipoteza wastani wa asilimia 4.2 ya uwezo wa betri kwa mwaka, wakati Tesla Model S ya mwaka huohuo, yenye mfumo wa kupoza kwa maji, ilipoteza asilimia 2.3. Wenye Leaf wa Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, walianza kulalamika mapema, mwaka 2012, hadi Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri.

Hapo Uganda ina bahati ambayo haitajwi mara nyingi. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mchana wa kawaida joto lake haliendi mbali zaidi ya nyuzi 28 au 29. Betri iliyofika hapa ikiwa na afya nzuri haitachakaa kwa kasi ya Arizona. Swali ni afya iliyofika nayo.

Swali hilo hujibiwa palepale bondi, na ningependa kila mnunuzi alijue jibu kabla ya kutaja bei. Washa gari uangalie ukingo wa kulia wa dashibodi: pembeni ya kipimo cha chaji kuna safu ya vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki wa betri, ambao ni jambo tofauti na chaji iliyomo wakati huo. Kipande cha kwanza kikizimika, betri imepoteza asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 nyingine. Gari lenye vipande tisa, ambalo dalali atakuambia limepungua kidogo tu, limebakiwa na takriban asilimia 66 hadi 72. Katika betri ya 24, hiyo ni safari ya kilomita 90 hivi hadi chaji iishe kabisa, na hakuna dereva mwenye busara anayeendesha hadi chaji iishe. Kampala hadi Entebbe na kurudi ni kilomita 80.

Hata vipande hivyo visiaminiwe peke yake. Kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa, vipande vyote 12 vikawaka tena, na ikachukua muda kabla ya gari kugundua ukweli na kuanza kuvizima upya. Ndiyo maana inafaa kuwa na kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu ya LeafSpy, inayosoma asilimia ya afya ya betri na volti za jozi zote 96 za seli, yaani betri ndogo zinazounda ile kubwa. Volti zikitofautiana sana gari likiwa linapanda kilima, kuna seli zilizochoka. Kipimo kisichodanganyika kirahisi ni barabara yenyewe: chaji gari lijae, nenda nalo Mukono urudi, kisha angalia chaji iliyotumika kwa kilomita hizo 40 na kitu. Muuzaji asiyekubali safari hiyo amekujibu. Usihesabu pia umbali ulioandikwa kwenye tangazo, kwa kuwa Leaf ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kwa kilomita 400, lakini kipimo cha Marekani kiliipa 243, na barabara zetu ziko karibu zaidi na hicho cha pili.

Sasa hesabu. Leaf hutumia uniti 16 hivi kwa kilomita 100, na ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, chukulia 18. Kwa shilingi 800 kwa uniti ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, bei ambayo ni juu kidogo ya ile ya nyumbani, hiyo ni shilingi 14,400. Gari dogo la petroli linalotumia lita 8 kwa umbali huo, lita ikiwa shilingi 5,000, linakula 40,000. Tofauti ni kama shilingi 250 kwa kila kilomita, nayo huongezeka petroli inapopanda kama ilivyopanda mwaka 2022 ilipovuka 6,000.

Tuseme una milioni 40 na uko kati ya Toyota ya petroli na gari la umeme la bei hiyohiyo. Baada ya miaka mitano Toyota inauzwa milioni 30, maana soko la Toyota hapa halina mashaka, na la umeme linauzwa milioni 12. Toyota imekupotezea 10, la umeme 28. Ili kuifidia tofauti ya milioni 18 kwa shilingi 250 kwa kilomita, unahitaji kilomita 72,000, yaani 1,200 kwa mwezi. Na ukiwasikiliza wanaosema hutampata mnunuzi kabisa, thamani ya mwisho ikawa sifuri, tofauti inakuwa milioni 30 na kilomita zinazohitajika 120,000, sawa na 2,000 kwa mwezi. Sijaingiza mafuta ya injini, mikanda wala plagi, ambavyo gari la umeme halina, na vikiingizwa hesabu inalegea kidogo kwa upande wake. Anayekopa naye akumbuke kwamba riba ya benki inayokaribia asilimia 20 inamla kwa gari lolote.

Hesabu hii inafichua jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Gari linalovutia kwa bei ya chini, lenye betri ya 24 iliyochoka, ndilo lisiloweza kwenda kilomita za kufidia hasara yake. Kilomita 2,000 kwa mwezi ni karibu 77 kila siku ya kazi, na betri ya kilomita 90 itazifikia kwa shida mwaka wa kwanza na itashindwa mwaka wa tatu. Lenye betri ya 40 bado nzima linaziweza kwa chaji ya usiku mmoja, likiwa na akiba ya kutosha. Kwa hiyo sikubaliani na ushauri wa kuanza na lile rahisi ili kujaribu. Kwa gari la petroli ushauri huo una maana, kwa kuwa tangi la Toyota Premio ya zamani linajaa sawasawa na la mpya. Kwa la umeme, unafuu wa bei mara nyingi ndizo kilomita zilizokwisha kutumiwa na mwenye gari wa kwanza.

Upande wa wenye mashaka una hoja nyingine ambazo siwezi kuzipuuza. Soketi ya chaji ya haraka ya Leaf, CHAdeMO, inaachwa nje ya Japani. Nissan yenyewe ilipoiuza Ariya Ulaya na Marekani ilitumia soketi ya aina nyingine, CCS. Kwa anayechaji nyumbani hilo halimgusi leo, ila litamgusa siku ya kuuza. Ukienda soko la Kisekka utapata karibu kila kipuri cha Toyota, lakini moduli za betri ya Leaf ni jambo la kuagiza. Kiira Motors inaunda mabasi ya Kayoola kule Jinja, na bodaboda za umeme zimezoeleka Kampala, jambo linalonifurahisha kwa dhati kwa sababu mafundi wanajifunza. Hata hivyo, kituo cha kubadilishia betri ya bodaboda hakimsaidii mwenye gari.

Sera nayo hukata pande zote mbili. Rwanda ilisamehe magari ya umeme ushuru na kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2021, na Ethiopia ikazuia uingizaji wa magari ya petroli mwaka 2024. Uganda ikichukua hatua kubwa ya namna hiyo, vituo vya chaji na mafundi vitaongezeka, lakini papo hapo kila aliyelipia kodi kamili atakuta gari lake likishindana na mengine yaliyoingia bila kodi, tena mapya kutoka China. Hasara ya namna hiyo haipimwi kwa LeafSpy, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba hesabu ya thamani ya mwisho kuwa sifuri ni ya tahadhari ya kawaida, haijavuka mpaka.

Kwa mtazamo wangu, basi, anayefanya safari nyingi za kila siku kati ya Kampala, Entebbe na Mukono, mwenye maegesho na soketi yake nyumbani, na anayenuia kukaa na gari hadi betri ichoke, ana sababu nzuri ya kununua, mradi betri iwe ya 40 na imepimwa. Anayebadilisha gari kila baada ya miaka miwili, au anayetegemea kwenda Mbarara au Gulu kila mwisho wa mwezi, abaki na petroli kwa sasa. Hata betri iliyochoka kwa barabara huwa bado inafaa kuhifadhi umeme wa jua nyumbani, na soko la matumizi hayo likikua, thamani ya mwisho haitakuwa sifuri.

Kuna hatua moja ambayo Shirika la Viwango, UNBS, lingeweza kuichukua. Magari yaliyotumika hukaguliwa kabla ya kusafirishwa kuja Uganda, na cheti cha ukaguzi hutolewa. Kwa gari la umeme, cheti hicho kingepaswa kuwa na asilimia ya afya ya betri iliyosomwa siku ya ukaguzi pamoja na kilomita za gari siku hiyo. Usomaji wenyewe ni kazi ya dakika chache, na ungemfanya anayefuta kumbukumbu ya betri njiani aonekane mara moja, na mnunuzi na dalali wapatane bei wakiwa na namba moja mbele yao.