Mlimani kunanyesha, bondeni kunafurika

Jamaa zangu wa Dar wakinipigia huuliza maisha ya Kampala yakoje. Nawajibu inategemea unakaa juu au chini. Jiji limekaa juu ya vilima, na kadiri unavyoteremka ndivyo vyumba vinavyokuwa rahisi na watoto wanavyougua zaidi.

Kwetu mwenye nazo yuko Masaki, sisi wengine Tandale na Manzese, na katikati kuna foleni. Hapa ukitoka Kololo, kilima cha wenye nazo, hatua chache umeshaingia Kamwokya, mtaa wa maskini. Katanga ndiyo hunichosha kabisa: bonde lililobanwa kati ya Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza 1922, na Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa. Mtoto wa pale amezungukwa na elimu na tiba pande zote mbili, na anaharisha.

Mafuriko ya Bwaise, mtaa mwingine wa bondeni hapa Kampala, wengi wanayaita kudra ya Mungu. Mimi sikubali. Pale palikuwa kinamasi, watu wakakijaza wakajenga, huku vilimani kila ua ukisakafiwa na maji yote yakiachwa yateremke. Choo cha Bwaise unakipandia ngazi, kwa sababu ukichimba kidogo tu maji haya hapa. Mvua kubwa ikishuka, wapo wanaotapisha vyoo usiku, uchafu uende na maji (mchezo tunaoujua vizuri hata Dar, siwezi kujidai), na asubuhi watoto wanavuka maji hayohayo kwenda shule, viatu mkononi.

Hao ni wenye bahati ya kwenda. Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, kabla yetu, lakini Kampala shule za serikali ni chache kwa watoto waliopo, hivyo hata muuza chapati analipia shule binafsi. Jirani yangu, mama kutoka Bukavu, Kongo, hufua nguo kwenye nyumba za Kololo. Mwanawe aliporudishwa kwa ajili ya ada katikati ya muhula, akawa anamfuata mama kazini, anakaa kwenye ngazi za jikoni akitazama watoto wa bosi wakishushwa na gari la shule. “Ndugu,” aliniambia, “mutoto hajui mambo ya feza. Anajua tu kama wamemufukuza.”

Wapo watakaosema tajiri hana kosa kwa kuishi mlimani. Sawa, lakini achangie mtaro unaopokea maji yake. Sheria ya Uganda, tangu marekebisho ya 2006, imemsamehe kodi ya majengo anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwenye kasri la Kololo analala humo bila kudaiwa, ila anayepangisha vyumba Bwaise kisheria anadaiwa, na mnajua atakayebebeshwa ni nani. Tanzania tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wapangaji walipiga kelele, na walikuwa na haki, maana mita ni yao na nyumba ya mwingine. Angalau wa Masaki naye hukatwa.

Bunge la Uganda liufute msamaha huo kwa majumba ya kifahari, na fedha ya kwanza iende kwenye mitaro ya Bwaise. Taa za barabarani za Kololo zinaweza kusubiri.