Mhadhiri wa Lindi na alale Lindi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakuja Lindi, na kampasi yake itakuwa ya kilimo. Sisi wa kusini tumeipokea habari hii kwa furaha ambayo huenda mtu wa mikoa mingine asiielewe. Miaka yote mtoto wa Nachingwea au Liwale akifaulu kidato cha sita, njia ilikuwa moja: panda basi, nenda. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ilibidi kwanza asubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na masika watu walilala njiani kwenye tope. Waliovuka walisoma, wakaajiriwa, wakajenga hukohuko. Wachache walirudi.

Fedha zinatoka kwenye mradi wa HEET, yaani mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Kwa upande wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu hichohicho cha Dar es Salaam, mbali na Lindi, umegusa pia Kagera na Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, Zanzibar. Sina ugomvi na majengo. Maabara zijengwe, mabweni yajengwe, maana bila mabweni bumu lote la mwanafunzi, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, litaishia kwa mwenye nyumba. Ninachokililia ni kingine: mhadhiri atalala wapi?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Nilisoma kwenye tawi la mkoani la chuo fulani. Jengo lilikuwa zuri, viti vipya, feni zinazunguka. Mwalimu wetu wa takwimu alishuka na basi Ijumaa jioni, akafundisha Jumamosi kutwa na Jumapili hadi adhuhuri, mchana yuko stendi anarudi. Somo la muhula mzima tulilimaliza kwa wikiendi nne. Ukikwama kwenye swali Jumanne, hapakuwa na mlango wa kugonga. Vitabu vilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, na kufunguliwa kwake kulihitaji barua kutoka makao makuu. Mtihani nilifaulu kwa kukariri. Kazini, kila nikiwekewa jedwali la takwimu mbele yangu, ndipo ninapoona nilichonyimwa, na bado kinaniuma.

Lindi ni kilomita zipatazo 450 kutoka Dar es Salaam. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini, mabasi yalisimama. Kampasi yenye walimu wa kuja na kuondoka ingekuwa imefungwa siku hizo, hata kama kuta zake hazikupata ufa.

Mlimani inapaswa kulijua hili kuliko chuo chochote, kwa sababu yenyewe ilianza kama kitoto cha mtu. Oktoba 1961 kilikuwa chuo kishiriki chenye wanafunzi 13 wa sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Nacho kikazaa. Kitivo cha kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, na kufikia 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Muhimbili nayo ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Ukiitazama Morogoro, utaona walimu walihamia, wakalea watoto wao chini ya Uluguru, wakawa na mashamba ya mafunzo nje ya madirisha yao. Hivyo ndivyo nataka Lindi ilelewe. Mkuu wa kampasi awe na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, na mamlaka ya kuitumia, asiandike barua Dar es Salaam kuomba kemikali za maabara au tairi la gari la kwenda shambani. Nyumba za walimu zijengwe sambamba na madarasa. Na kwa kuwa mradi huohuo unasomesha wahadhiri, vijana wa kusini wenye ufaulu mzuri watafutwe kwa bidii, wapelekwe uzamivu kwa mkataba wa kurudi kufundisha nyumbani.

Nalisema hili kwa uchungu maana Lindi tumezoea kutoa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru. Wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Leo ukitaka kumwona mnyama mrefu kuliko wote waliotoka ardhi yetu, nenda Berlin. Korosho nazo, nyingi zinaondoka na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Watoto nimeshawataja. Sitaki kuona na utafiti unafuata njia ileile: mtu anakuja na dodoso, anawahoji wakulima siku tatu, anaondoka, na aliyehojiwa hasikii tena neno.

Mama yangu ana mikorosho yake Mtama. Kila msimu maua yanapotoka anaanza kuangalia juu, kama yameshikwa na unga mweupe. Ni ubwiriunga. Hupuliza salfa kwa kipimo alichoelekezwa na jirani, ambaye naye alielekezwa na jirani yake. Kutoka mjini Lindi hadi shambani kwake ni safari ya asubuhi moja tu. Mhadhiri anayeishi mjini pale anaweza kuwaleta wanafunzi wake msimu mzima, wauone ugonjwa ukianza, wapime dawa, warudi tena baada ya wiki kuangalia. Mama atawapikia. Nimeshamuuliza, akaniuliza watakuwa wangapi.