Bayocha ya vifuu na maganda ya korosho: inatoa nini majini, inaacha nini

Maji ya malambo huko Newala na Tandahimba mara nyingi hubaki na rangi ya chai nyepesi hata tope likishatuama. Hayo ni majani na mizizi iliyooza ikayeyuka. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inakula klorini: kidonge kinamalizwa na uozo kabla hakijaua vijidudu, na sehemu yake hugeuka kemikali za jamii ya trihalomethani, ambazo si za kunywa miaka nenda rudi. Kwa hiyo hoja ya kuyachuja kwa bayocha, yaani mkaa wa taka za mimea uliochomwa bila hewa ya kutosha, ni ya kusikilizwa Mtwara na Lindi, ambako taka hizo zipo tele.

Tatizo linaanzia kwenye taka yenyewe. Maganda ya korosho ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mafuta yake huunguza ngozi, kama wanavyojua wabanguaji, na moshi wake hukereketa macho na koo. Yakichomwa kwa moto hafifu, lami hubaki kwenye mkaa na kuingia majini. Bila tanuri lenye joto la uhakika, tumia vifuu.

Panga vifuu vikavu kwenye debe lenye mfuniko na tundu dogo, liweke ndani ya pipa la lita 200, kisha washa kuni pembeni. Gesi itatoka tunduni na kuwaka. Endelea hadi mwali huo ukatike na debe lianze kuwa jekundu kwa mbali, kati ya nyuzi 500 na 600. Acha lipoe likiwa limefungwa. Sugua kipande kwa vidole: masizi yakitoka kwa maji matupu, mkaa umeiva, ukihisi utelezi unaodai sabuni, rudisha motoni. Twanga, chekecha ubakize punje za nusu milimita hadi milimita 2, kisha osha hadi maji yatoke meupe. Usiruke hatua hii, kwa sababu majivu hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na ualikali wa maji, na ikipita 8 klorini hudhoofu.

Wanaotilia shaka nao wana hoja nzito. Vitundu vya mkaa wa vifuu ni vidogo mno. Hunasa harufu, ladha na molekuli ndogo, lakini molekuli kubwa za uozo, zile zinazotia rangi, haziingii. Anayetegemea bayocha pekee atashangaa rangi ikipita. Kubwa hizo ni kazi ya shabu: anza na gramu 1 kwa ndoo ya lita 20, koroga haraka dakika 1, polepole dakika 10, acha yatuame saa nzima. Mlonge hutuliza tope vizuri, ila mbegu zake nazo huacha uozo wake majini, kwa hiyo hapa haufai.

Maji yaliyotuama ndiyo yapite kwenye mkaa, tena taratibu. Lita 10 za punje zinahitaji maji yakae ndani kama dakika 20, yaani nusu lita kwa dakika. Ndoo moja huchukua dakika 40. Ukifungua bomba zaidi, umepoteza mkaa bure. Klorini hutiwa mwisho, kwa sababu mkaa huifuta, na bakteria hustawi juu ya punje. Chumvi ya visima vya pwani haiguswi kabisa.

Mkaa huchoka bila kuonyesha dalili. Kipimo rahisi ni klorini yenyewe: kwa dozi ileile, baada ya dakika 30 inapaswa kubaki miligramu 0.5 kwa lita. Ikianza kushuka siku hadi siku, badilisha mkaa, wa zamani upeleke kwenye mboji. Kwa shule au zahanati yenye mtu wa kupima hivyo kila wiki, kazi hii inalipa. Kaya isiyo na kipimo itapata usalama zaidi kwa shabu na klorini peke yake.