Dirisha futi 5, kitambaa mita 2? Acheni hizo

Kuna matangazo ya mapazia yanazunguka WhatsApp yenye maneno yaleyale: dirisha la futi 5, kitambaa mita 2 tu, ringi bure. Juu yake imewekwa picha ya sebule ya kifahari ambayo pazia lake, ukiliangalia vizuri, limekula si chini ya mita 4. Mteja analipia mita 2 huku roho iko kwenye picha ya mita 4. Akishatundika na kuvuta pande zote mbili zikutane katikati, anabaki na kitambaa kilichonyooka kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Rinda hakuna. Hapo ndipo simu kwa fundi zinapoanza.

Na wauzaji wanajua. Hilo ndilo linalokera.

Pazia linavalishwa fimbo, kwa hiyo fimbo ndiyo inayopimwa, tena ikiwa imeshafungwa ukutani. Chukua tepu ya chuma ya mafundi ujenzi, achana na ile ya kitambaa ya fundi cherehani ambayo ikizeeka inavutika. Pima fimbo kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, bila kuhesabu vichwa vya urembo. Kama fimbo bado haijafungwa, iachie izidi dirisha sentimita 15 hadi 25 kila upande. Msiibanie hii nafasi. Pazia likifunguliwa linajikusanya mahali, na pasipo ukuta wa kujikusanyia litakaa juu ya kioo. Madirisha yetu ya alumini ya kuteleza yanafunguka nusu tu: dirisha la sentimita 152 linakupa hewa kwenye sentimita 76. Rundo la pazia likikaa sentimita 20 ndani ya hizo, robo ya upepo imekwenda. Halafu tunalalamika joto la Dar.

Sasa hesabu yenyewe. Dirisha la futi 5 ni sentimita 152. Ongeza 20 kila upande, fimbo inakuwa 192. Pazia la ringi, lile lenye matundu ya pete juu ambamo fimbo inapita, linataka upana mara mbili ya fimbo: 384. Hizo ni sentimita za pazia lililokwisha kushonwa. Bado mapindo ya pembeni. Pindo la sentimita 3 lililokunjwa mara mbili linakula 6, na pande mbili zina kingo nne, yaani 24. Jumla 408. Huyu wa mita 2 alizitoa wapi?

Ni hapa kwenye jora ndipo watu wanapopigwa, kwa sababu wanauliza bei ya mita bila kuuliza upana. Jora la upana wa sentimita 280 linageuzwa: upana wake unakuwa urefu wa pazia, na mita unazokata ndizo upana. Unakata mita 4.1 basi, hakuna mshono hata mmoja. Ukitoa kama sentimita 35 za pindo la chini na la juu unabaki na urefu wa hadi 245, ambao kwa nyumba nyingi unafika sakafuni. Jora la 140 haligeuziki hivyo, halitafika chini. Lazima uunge vipande. Gawanya 408 kwa 140 unapata 2.9, yaani vipande 3, kimoja na nusu kila upande, ile nusu ikae nje karibu na ukuta ili mshono usionekane katikati. Pazia la urefu wa 230 linahitaji kila kipande kiwe 265. Mara 3 ni 795. Mita 8 hizo! Kwa hiyo hata kama mita ya 280 inauzwa mara moja na nusu ya mita ya 140, bado ya 280 ndiyo rahisi, na fundi anapunguza kazi. Kama kitambaa cha 140 kina maua makubwa, ongeza kila kipande urefu wa ua moja kamili hadi linapojirudia, la sivyo maua hayatakutana kwenye mshono. Na asikudanganye mtu kwamba cha 140 chenye maua nacho kinaweza kulazwa kwenye dirisha fupi la jikoni: maua yatalala ubavu.

Ringi ziwe idadi shufwa kila upande, 10 au 12 au 14. Zikiwa witiri, ukingo mmoja unageukia ukutani na mwingine unachomoza sebuleni. Kwa mfano wetu kila upande ni sentimita 192: weka ringi ya kwanza na ya mwisho sentimita 5 kutoka ukingoni, zinabaki 182, na kwa ringi 12 kila nafasi ni 16.5. Fundi anayeweka 8 ili aokoe ringi anakupa marinda mapana, malegevu. Ringi ya mwisho ya nje ikae nyuma ya kishikio kinachobeba fimbo ukutani, kati yake na kichwa cha fimbo, ili pazia lisivutwe likaacha mwanga pembeni. Fimbo ikiwa na kishikio cha katikati, ringi hazipiti pale, kwa hiyo kila upande utoshe nusu yake wenyewe. Hakuna kukopeshana.

Shia, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, inataka mara 2.5 hadi 3 ya fimbo. Utepe wa marinda wa kuvuta kamba, mara 2 hadi 2.5. Marinda ya kushonwa moja kwa moja, mara 2.5, na hayo ukikosea hayarekebishiki bila kufumua.

Haya, nakubali: velvet nzito inavumilia mara 1.8, maana uzito wake unajaza jicho. Na dirisha lililobanwa na kabati upande mmoja halina pa kurefushia fimbo, basi zidisha upande ule mwingine na upande mmoja wa pazia uwe mpana kuliko mwenzake. Lakini mara 1.2 haivumiliki kwa kitambaa chochote kile. Pesa ikiwa ndogo, tafadhali, shuka daraja la kitambaa na usiguse upana. Kitambaa cha bei ya kawaida chenye marinda ya kutosha kinapendeza kuliko cha bei mbaya kilichobanwa, na hili halina mjadala.

Ukienda kwa fundi usiseme "pazia la mita 2". Hajui kama ni fimbo au kitambaa, na wewe hujui kama ameshazidisha. Mwandikie kwenye karatasi: fimbo 192, pande mbili, kila upande 192 ukishashonwa na kulazwa, ringi 12. Siku ya kuchukua, lilaze sakafuni kabla ya kulipa salio na upitishe tepu kwenye pindo la chini. Ukikuta 170 atakwambia zile nyingine zimeingia kwenye marinda. Pazia la ringi likiwa sakafuni halina marinda. Mwambie alete mabaki ya kitambaa.