Usiniombe figa moja

Jumatatu mteja mmoja wa Westlands alinipigia: "Nitumie tu figa, hata ya kukisia. Kikao cha bodi ni saa nane." Kazi yenyewe ni kuunda programu ya kompyuta, mfumo wa karo wa shule. Maelezo yaliishia hapo. Nilikataa kumtajia figa moja, akaudhika. Mimi pia nimeudhika, maana figa ya kukisia ikishasomwa mbele ya bodi hugeuka mkataba.

Mfumo wa karo unasikika rahisi mpaka uanze kuuliza. Mzazi akilipa kwa Paybill, namba ya malipo ya M-Pesa, na kuandika jina la mtoto badala ya namba ya usajili, nani atazitafuta hizo pesa? Aliyelipia watoto watatu kwa mkupuo, zigawanywe vipi? Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, inaweza kuja kwa hundi moja yenye orodha ndefu ya wanafunzi, na baadhi yao washahama au washalipiwa karo yote na mjomba. Salio la mtoto kama huyo lirudishwe, au lisogezwe muhula ujao? Nani ana mamlaka ya kuamua? Suala la basari peke yake laweza kula wiki kadhaa, na mtu wa simu hakulitaja kwa sababu halijui. Anayelijua ni mhasibu wa shule, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, aliandika tangu 1981 kwamba kazi ikiwa bado ni wazo tu, makadirio yanaweza kukosea hadi mara nne, juu au chini. Nikisema Sh400,000, basi, ukweli unaweza kuwa Sh100,000 au Sh1.6 milioni. Atakayebeba tofauti hiyo ni kijana anayeandika programu. Nimeona vijana wazuri wakikesha miezi kwa malipo yaleyale, kwa sababu bosi alitaja bei akiwa kwenye lifti. Inaniuma sana.

Wapo wanaotaja bei ya chini wapate kazi, halafu wadai nyongeza shule ikishanasa. Huo ni wizi.

Sawa, bodi nayo haiwezi kupanga bajeti gizani. Ina haki ya kujua kama inazungumzia laki au mamilioni. Ndiyo maana natoa bei mbili, ya chini na ya juu, na chini yake naandika kila nilichodhania: njia ngapi za malipo, wanafunzi wangapi, basari imo au haimo. Kisha naomba wiki moja ya kukaa na mhasibu na vitabu vyake, ili pengo kati ya bei hizo lipungue.

Na wiki hiyo ilipwe. Anayejenga nyumba Ruaka humlipa mchoraji ramani kabla ya kuuliza bei ya mawe, wala haoni ameonewa. Mteja asiyetaka kuilipia nitamwachia bei zangu mbili azipeleke kwenye kikao, lakini mkataba wa bei isiyobadilika sitatia saini.